Ngalawa na Mashua: Sayansi Iliyomo katika Vyombo Vidogo vya Tanga

Kabla ya jua kuchomoza, katika fukwe nyingi za pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Lamu hadi Kilwa na Mtwara, wavuvi husukuma vyombo vyao majini na kutweka matanga. Alasiri hurejea na samaki. Kazi hiyo hufanyika siku nenda siku rudi, na kwa sababu imezoeleka, ni watu wachache wanaojiuliza maswali ambayo mwanasayansi angeyauliza mara moja. Kwa nini mtumbwi wenye upana wa nusu mita haupinduki, ingawa umebeba tanga lenye eneo sawa na sakafu ya chumba cha kulala? Chombo kinachosukumwa na upepo kinawezaje kuelekea kule kule upepo unakotoka? Na kwa nini ngalawa iliyojaa maji huendelea kuelea, hali mashua iliyojaa maji huweza kuzama?

Maswali haya yana manufaa zaidi ya kuinoa akili. Vyombo vidogo vya tanga vinabadilishwa mbele ya macho ya watu. Vingine hufungwa mashine, vingine hujengwa kwa vifaa vipya, na vingine vilivyokusudiwa kubeba samaki hubebeshwa abiria. Kila badiliko la namna hiyo hugusa hesabu iliyofanywa na mafundi wa kale kwa macho na mikono yao, bila ya kuiandika. Madhumuni ya makala haya ni kuieleza hesabu hiyo kwa lugha ya fizikia, ili anayebadilisha chombo ajue ni kitu gani hasa anachobadilisha.

Vyombo vyenyewe

Ngalawa ni mtumbwi uliochongwa kutokana na gogo moja, aghalabu la mwembe, ukatiwa mlingoti na tanga. Urefu wake huwa kiasi cha mita 5 hadi 8, na upana wake haufiki hata mita moja. Boriti mbili hukingamishwa juu ya mtumbwi na kutokeza pande zote mbili, na katika ncha za boriti hizo hufungwa matengo, yaani mbao zinazogusa maji kushoto na kulia. Matengo ndiyo yanayoitofautisha ngalawa na mtumbwi wa kawaida.

Mashua haichongwi kwa gogo, bali huundwa kwa mbao. Fundi huanza kwa kulaza mkuku, kisha hupigilia mbao na kutia mataruma ndani. Nafasi baina ya mbao hujazwa pamba iliyotiwa mafuta, kazi iitwayo kukalafati. Mashua ni pana, haina matengo, na husimama wima kwa sababu ya upana wake na uzito uliowekwa chini, ambao mabaharia huuita farumi. Nungwi katika kisiwa cha Unguja na Matondoni katika kisiwa cha Lamu ni miongoni mwa mahali panapojulikana sana kwa ufundi huo.

Asili ya vyombo hivi ni ya kale. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza baada ya Kristo, kiitwacho Periplus, kinataja mitumbwi ya gogo na vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba katika pwani hii. Ushonaji huo uliendelea katika mtepe wa Lamu hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Ama kuhusu matengo, wataalamu kama James Hornell waliyahusisha na mabaharia waliotoka visiwa vya Indonesia. Uhusiano huo una ushahidi mwingine katika Bukini, yaani Madagascar, ambako lugha ya wenyeji ni ya jamii moja na lugha za visiwa hivyo. Nako Komoro chombo cha aina hii huitwa galawa.

Pepo, maji na miamba

Umbo la chombo haliwezi kueleweka bila ya kuijua bahari yake. Pwani ya Afrika Mashariki ina pepo mbili kuu za msimu. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban kuanzia mwezi wa Novemba au Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka upande wa kusini na kusini-mashariki, takriban kuanzia Aprili hadi Oktoba, na katikati ya msimu wake huwa na nguvu na kuchafua bahari. Baina ya misimu hiyo kuna kipindi ambacho pepo hubadilika-badilika, na chombo huweza kusafiri kuelekea upande wowote. Mabaharia huiita nyakati hiyo tanga mbili.

Juu ya pepo za msimu kuna pepo za kila siku. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari. Hewa iliyo juu ya nchi kavu huwa nyepesi na kupanda, na hewa ya baharini huja kuijaza nafasi yake. Usiku nchi kavu hupoa upesi, na mwendo wa hewa hugeuka. Ndiyo maana mvuvi hutoka alfajiri akisukumwa na umande utokao nchi kavu, na hurudi alasiri kwa upepo wa bahari. Kwa kuchagua saa ya kutoka, huepuka safari ndefu za kupambana na upepo.

Maji nayo yana sharti lake. Wakati wa bamvua tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa hufika mita 3 hadi 4 katika sehemu nyingi za pwani ya Tanzania. Mbele ya fukwe kuna miamba ya matumbawe na uwanda wa maji haba. Chombo chenye mkuku mrefu kwenda chini kingekwama humo. Basi fundi wa pwani alilazimika kutafuta njia ya kukifanya chombo kiwe imara bila ya kukipeleka chini sana, na njia hiyo ndiyo iliyozaa maumbo yanayoonekana leo.

Kwenda kinyume cha upepo

Chombo kinapokwenda mrama na upepo ukiwa nyuma, jambo ni rahisi, kwani upepo husukuma na chombo huenda. Ajabu huanza upepo unapotoka ubavuni au mbele kidogo. Tanga la ngalawa na la mashua ni la pembe tatu, au pembe tatu iliyokatwa kidogo upande wa mbele. Hufungwa kwenye foromali, mti mrefu unaopandishwa kwenye mlingoti kwa kuinama, na pembe yake ya nyuma huzuiwa kwa kamba iitwayo demani. Tanga likivutwa kwa demani hutuna, na hewa hupita pande zake zote mbili. Hewa inayopita upande wa nje wa mtuno huenda kwa kasi zaidi, na kanieneo yake hupungua. Matokeo yake ni kani inayolivuta tanga kuelekea upande huo, kama inavyotokea katika bawa la ndege.

Sehemu kubwa ya kani hiyo huelekea ubavuni, na sehemu ndogo huelekea mbele. Kama chombo kingekuwa duara mfano wa sinia, kingesombwa ubavuni tu. Lakini mtumbwi ni mrefu na mwembamba. Maji huupinga sana unapotaka kwenda ubavuni, na huupinga kidogo tu unapokwenda mbele. Mtu anayebana kwa vidole viwili mbegu ya fenesi iliyolowa huiona ikifyatuka kuelekea upande ambao haukubanwa. Chombo nacho hubanwa baina ya upepo na maji, kikafyatuka mbele.

Hata hivyo, hakuna chombo cha tanga kinachoweza kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka. Hulazimika kubisha, yaani kwenda mshazari upande mmoja, kisha mshazari upande wa pili. Msomaji achukue mfano wa ngalawa inayoweza kukaza hadi pembe ya digrii 60 kutoka upepo. Kwa kanuni ya pembetatu, ili isogee kilomita 1 kuelekea upepo ni lazima isafiri kilomita 2. Sasa ichukuliwe kwamba maji yanaichukua ubavuni, na njia yake halisi ikawa digrii 70. Safari hurefuka na kukaribia kilomita 3. Digrii 10 tu za kuchukuliwa na maji zimeongeza karibu kilomita nzima. Hii ndiyo sababu mabaharia huangalia sana kama tanga limelegea kwa uchakavu, na kama chombo ni chepesi mno kiasi cha kushindwa kushika maji.

Katika kubisha kuna tendo moja la hatari. Foromali hukaa upande mmoja wa mlingoti, kwa hiyo upepo unapohamia upande wa pili ni lazima tanga likisiwe, yaani lihamishwe kwa kuzungushwa mbele ya mlingoti. Aghalabu chombo hugeuzwa kwanza kwa kuupa upepo mgongo, demani ikalegezwa, ndipo tanga likahamishwa. Kwa muda huo chombo hakina mwendo wa kutosha na tanga halijashikwa barabara. Umuhimu wa jambo hili utaonekana katika sehemu ifuatayo.

Kwa nini ngalawa haipinduki

Kani ya upepo huongezeka kwa mraba wa kasi yake. Upepo wenye kasi ya mita 5 kwa sekunde huleta kanieneo ya kiasi cha nyutoni 15 katika kila mita ya mraba. Kwa tanga la mita za mraba 12, kani yake ni kama nyutoni 180, yaani uzito wa kilo 18. Upepo ukiongezeka maradufu na kufika mita 10 kwa sekunde, kani haiongezeki maradufu, bali huwa mara nne, yaani nyutoni 720.

Kani hiyo haiegemei chini ya mlingoti, bali juu. Ikichukuliwa kwamba kitovu chake kiko mita 2.5 juu ya mtumbwi, momenti ya kuupindua ni 720 mara 2.5, sawa na nyutoni-mita 1,800. Mtumbwi wenye upana wa nusu mita hauwezi hata kidogo kuihimili. Ni nini basi kinachoihimili?

Wengi hudhani kwamba matengo ni maboya, na kwamba ngalawa haipinduki kwa sababu tengo la upande wa demani, yaani upande unakokwenda upepo, huelea na kuuinua ubavu. Hesabu inaonyesha kwamba hilo ni sehemu ndogo tu ya ukweli. Tengo la ngalawa ni ubao, si gogo. Tengo la mfano lenye urefu wa mita 2, upana wa sentimita 20 na unene wa sentimita 4 lina mjao wa lita 16. Likizamishwa lote, maji hulinyanyua kwa kiasi cha kilo 16, na lenyewe lina uzito wa karibu kilo 10. Inabaki kama kilo 7 tu. Likiwa mita 2 kutoka katikati ya mtumbwi, na ukijumlishwa uzito wa tengo la pili lililoinuka hewani, momenti ya matengo yote mawili haifiki nyutoni-mita 350. Hiyo si hata moja ya tano ya inayohitajika.

Kani iliyobaki hutoka mahali pawili. Pa kwanza ni mwendo. Tengo huwekwa kwa kuinama, si wima wala si bapa kabisa. Ngalawa ikienda kasi, maji hupiga upande wa chini wa ubao huo na kuuinua, kama mtoto anayetupa kigae juu ya maji kikaruka. Kani hii nayo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo upepo unapozidi kuiendesha ngalawa, tengo nalo huzidi kuizuia isilale. Pa pili ni watu wenyewe. Mvuvi mwenye uzito wa kilo 65 akitoka na kukaa juu ya boriti upande wa joshi, yaani upande unakotoka upepo, umbali wa mita 1.5, huleta momenti ya nyutoni-mita 975. Wawili huleta 1,950, nayo peke yake imezidi ile 1,800 ya upepo.

Hapa pana funzo linalohusu maisha. Ngalawa iko salama zaidi ikiwa na mwendo kuliko ikiwa imesimama huku tanga limejaa upepo. Nyakati za hatari ni zile ambazo mwendo umekatika ghafula, kama vile tanga linapokisiwa, nyavu zinaponasa kwenye mwamba, au chombo kinapogusa mchanga. Wakati huo matengo yamepoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, hali upepo haujapoteza zake. Kanuni ya wavuvi ya kutofunga demani kwa fundo gumu, bali kuishika mkononi au kuizungusha tu ili iachike mara moja, ina msingi kamili wa kisayansi.

Kuwa na matengo mawili pia kuna maana. Katika baadhi ya visiwa vya Pasifiki mitumbwi ina tengo upande mmoja tu, na ili tengo hilo libaki upande wa joshi, mabaharia hulazimika kuhamisha tanga kutoka ncha moja ya mtumbwi hadi nyingine, omo ikawa shetri na shetri ikawa omo. Ngalawa haihitaji hivyo. Upepo ukihama, kuna tengo linalongoja upande wa pili.

Mashua na hesabu ya mzigo

Mashua hutegemea njia nyingine. Inapoinama, ubavu wa upande wa demani huzama zaidi na kunyanyuliwa na maji, na farumi ya mawe au mchanga iliyo chini hukivuta kitovu cha uzito kibaki chini. Watu wakikaa chini, husaidia. Wakikaa juu ya mizigo au wakisimama, kitovu cha uzito hupanda na nguvu ya kurudi wima hupungua.

Hesabu ifuatayo inastahili kujulikana na kila anayepanda mashua. Ichukuliwe mashua yenye urefu wa mita 7 na upana wa mita 2. Eneo lake linalokata uso wa maji ni kama mita za mraba 10. Kwa kuwa mita ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025 hivi, kila kilo 100 zinazoongezwa huizamisha mashua hiyo sentimita 1. Mashua ikiwa na mabaharia na farumi yake, ukingo wake uko sentimita 60 juu ya maji. Wanapanda abiria 30, kila mmoja kilo 65. Jumla ni kilo 1,950, na mashua huzama sentimita 19 zaidi. Ukingo sasa uko sentimita 41 juu ya maji, na mtu aliye gatini huona kwamba nafasi ingalipo.

Lakini chombo cha tanga hakiendi kikiwa wima. Kikilala kwa digrii 15 tu, ukingo wa upande wa demani hushuka sentimita 26. Zinabaki sentimita 15. Wimbi dogo la kawaida linaweza kuupita ukingo huo, na maji yakishaingia huongeza uzito na kukimbilia upande uliolala, yakazidi kuulaza. Mashua iliyoonekana salama gatini inaweza kujaa maji katikati ya mkondo pasipo tufani wala mwamba. Wala haifai kupunguza farumi ili kupata nafasi ya abiria, kwa sababu farumi hukaa chini, na abiria hukaa juu.

Chombo kinapojaa maji

Swali la tatu lililoulizwa mwanzoni linajibiwa na densiti. Mti wa mwembe ukikauka huwa na kiasi cha kilo 600 katika mita ya ujazo, chini sana ya maji ya bahari. Ngalawa ambayo miti yake yote ina uzito wa kilo 300 ina mjao wa nusu mita ya ujazo. Ikijaa maji kabisa, maji ya bahari bado huinyanyua kwa kilo 512. Tofauti ni kilo 212. Watu watatu au wanne walioishikilia, miili yao ikiwa majini, hawaihitaji hata nusu ya nguvu hiyo. Kwa hiyo ngalawa iliyojaa maji humwokoa mtu anayekaa nayo, naye anayeiacha ili aogelee kuelekea nchi kavu huacha boya lake la mwisho.

Mashua pia ni ya mbao, lakini ina misumari, nanga na farumi, na baadhi ya miti yake, kama vile mikoko, ni mizito karibu sawa na maji. Farumi isiyoweza kutupwa upesi huweza kuipeleka chini. Vyombo vya faiba navyo vinahitaji tahadhari, kwa kuwa nyenzo hiyo ina densiti inayozidi mara moja na nusu ya maji. Chombo cha faiba ni imara, hakiliwi na wadudu wa baharini, na kinaweza kutengenezwa bila ya kukata mti. Lakini kisipowekewa vyumba vilivyozibwa vyenye hewa, kikijaa maji huzama kama sufuria. Anayekinunua aulize kwanza kama vyumba hivyo vimo.

Mashine na mipaka ya kasi

Mashine ya kufunga nyuma imewasaidia wavuvi wengi, hasa katika shwari na katika kufika maeneo ya mbali. Hata hivyo haiwezi kuwekwa mahali pa tanga kama vile kubadili jembe kwa jembe. Mashine ndogo ina uzito wa kilo 35 hadi 50, mbali na mafuta, na uzito huo wote hukaa shetri, ambako mtumbwi ni mwembamba. Katika mfano wa ngalawa uliotolewa hapo juu, mashine na dumu la mafuta huweza kula robo ya ile akiba ya kuelea. Tena boriti na kamba za matengo zilipimwa kwa kasi ya tanga. Kasi ikiwa maradufu, kani ya maji juu ya matengo huwa mara nne, na kamba ambazo zingedumu miezi huweza kukatika kwa safari chache.

Kwa mashua kuna mpaka mwingine. Chombo kipana kinapokwenda hujitengenezea wimbi, na kasi inapofikia kiwango fulani, wimbi hilo huwa na urefu sawa na chombo chenyewe. Kutoka hapo chombo huwa kana kwamba kinapanda mlima wa maji. Kwa mita na sekunde, kasi hiyo ni kama 1.25 mara kipeuo cha pili cha urefu wa chombo majini. Mashua yenye urefu wa mita 7 hufikia mpaka wake katika mita 3.3 kwa sekunde, yaani kilomita 12 kwa saa. Mashine yenye nguvu maradufu itachoma mafuta mengi zaidi na kuongeza kasi kidogo sana. Ngalawa, ambayo urefu wake ni kama mara 12 ya upana wake, hutengeneza wimbi dogo, na ndiyo maana kwa upepo mzuri huipita mashua kubwa kuliko yenyewe.

Suala la miti

Ngalawa nzuri huhitaji gogo nene, lililonyooka, lisilo na uozo moyoni. Mwembe wa kiasi hicho huchukua miongo kadhaa kukua, na wakulima wengi wanaona faida zaidi kuuacha uzae maembe. Katika vijiji vingi magogo ya namna hiyo yamekuwa adimu. Baadhi ya mafundi huunganisha magogo madogo au huunda mtumbwi kwa mbao kisha wakautia matengo. Njia hizo zinafaa, ila kila kiungo ni mahali ambapo maji yanaweza kupenya, na mbao nyembamba hupunguza ile akiba ya kuelea iliyokokotolewa juu.

Utunzaji wa mti uliopo ni sehemu ya jibu. Adui mkubwa ni kiumbe wa baharini wa jamii ya chaza ambaye hutoboa mbao na kuishi ndani yake. Mafundi hupambana naye kwa kukipandisha chombo pwani, kukibabua chini kwa moto wa makuti, kisha kukipaka shahamu, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya wanyama. Moto humuua mdudu aliye karibu na uso wa ubao, na shahamu huwazuia wachanga wasiingie. Mbao za juu hupakwa sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, yanayopunguza kukauka na kupasuka. Chombo kinachotunzwa hivyo kwa wakati hudumu zaidi, na kila mwaka unaoongezeka katika umri wake ni mwaka wa mwembe mwingine kukua.

Nyenzo mpya nazo zinajaribiwa. Mwaka 2018 huko Lamu kilishushwa majini chombo cha tanga chenye urefu wa kiasi cha mita 9, kiitwacho Flipflopi, kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa upya. Mafundi walikijenga kwa ujuzi wao wa mashua za mbao, na mwaka 2019 kilisafiri hadi Zanzibar. Fundi anayejua kazi ya kila sehemu huweza kubadili nyenzo bila ya kupoteza umbo.

Jaribio kwa wanafunzi

Jambo kuu la makala haya linaweza kuonyeshwa darasani au kisimani bila gharama. Wanafunzi wachukue kipande cha mgomba chenye urefu wa sentimita 40, wakichonge kiwe chembamba kama mtumbwi, na kuchomeka kijiti cha sentimita 30 kiwe mlingoti. Kwenye ncha ya mlingoti wafunge uzi, na kuuvuta taratibu kuelekea ubavuni. Mtumbwi utapinduka mara moja.

Kisha wakingamishe vijiti viwili na kufunga vibao viwili vyembamba viwe matengo, vikiwa vimeinama kidogo. Wavute tena uzi wakati chombo kimesimama, na wahesabu ni mawe madogo mangapi yaliyoning'inizwa kwenye uzi yanayohitajika ili kukipindua. Mwisho, mwanafunzi mmoja akikokote chombo mbele kwa kasi huku mwingine akivuta ule uzi wa mlingoti. Wataona kwamba chombo chenye mwendo hustahimili zaidi. Walinganishe pia vibao vilivyolazwa kwa pembe mbalimbali, na kuandika matokeo katika jedwali.

Hitimisho

Ngalawa na mashua ni majibu mawili ya swali moja, yaani namna ya kuwa imara kwa upepo mkali katika maji haba yenye miamba. Ngalawa hujibu kwa umbali wa matengo, mwendo na uzito wa watu. Mashua hujibu kwa upana, farumi na ukingo uliobaki juu ya maji. Aongezaye mashine, abiria au nyenzo mpya hana budi kuuliza ni kipi kati ya hivyo anachokipunguza, na atakirudisha kwa njia gani.

Hesabu zilizotolewa hapa ni za mifano. Kila kijiji kina vipimo vyake, na vingi vimo vichwani mwa wazee wanaochonga kwa tezo bila ya ramani. Mwalimu mwenye utepe wa kupimia na wanafunzi wake wanaweza, kwa siku moja ufukoni, kuandika urefu, upana, umbali na mwinamo wa matengo, ukubwa wa tanga na aina za miti, huku wakimwuliza fundi sababu ya kila kipimo. Kazi hiyo ingefanywa katika shule chache tu za pwani, wahandisi wangepata msingi wa kubuni vyombo vya kesho, na mvuvi angepata chombo kipya ambacho hakikusahau kilichokuwa kikimrudisha nyumbani.